Lijue Sanduku Lako la Zana: hotuba kwa wanafunzi wa programu za simu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja asubuhi hapa Mwanza, mbele ya wanafunzi wa kompyuta na walimu wao. Nimeiandika kama ilivyokuwa. Nilichoongeza ni amri kamili ambazo siku ile niliziandika ubaoni.

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawaona wengi mmekuja na laptopu na waya za simu. Vizuri, maana nikimaliza kusema tutazitumia.

Kabla hatujaanza nilikaa pale karibu na mlango, nikamuuliza dada mmoja swali dogo: ndani ya folda yako ya SDK, yaani zile zana za kutengenezea programu za simu, kuna nini? Akanijibu kwa ukweli mtupu: "Sijui, ila ni GB 23." Nimemwomba ruhusa ya kulisema jibu lake mbele yenu, kwa sababu ndilo ambalo ningelitoa mimi mwenyewe miaka yangu miwili ya kwanza ya kazi hii. Uzito wa folda tunaujua, kwa kuwa diski imejaa na bando limekata. Vilivyomo hatuvijui.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja. Asiyejua vipande vya SDK yake hulipa mara mbili. Kwanza hulipa bando kwa vitu asivyovihitaji, kisha hulipa siku nzima ya kazi pale kitu anachokihitaji kinapokataa, naye hajui aanzie wapi. Mimi nimelipa kotekote, na nisingependa nanyi mlipe.

Mwangalieni seremala akiwa kazini. Ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, anatoa patasi, na ni patasi kweli, si randa. Sanduku lake analijua kwa vidole. Sisi tunabonyeza kitufe cha kuendelea mara tano, tunaondoka kwenda kunywa chai, tunarudi tumeshushiwa zana ambazo hatutazigusa mpaka laptopu ife.

Basi tulifungue sanduku. Nitazungumzia SDK ya Android, kwa sababu simu za wateja wangu karibu zote ni za Android, na zenu pia, nikitazama mezani.

Kwenye Windows folda hiyo hukaa ndani ya jina lako la mtumiaji, kwenye AppData\Local\Android\Sdk. AppData imefichwa, ndiyo maana wengi hamjawahi kuiona kwa macho. Kwenye Linux ni Android/Sdk ndani ya home yako, na kwenye Mac ni Library/Android/sdk. Ukiingia utakuta folda kadhaa zenye majina ya kuchosha, lakini kila moja ina kazi yake.

Anza na platform-tools. Ni ndogo, haifiki hata MB 20 kuishusha, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Humo ndimo ilimo adb, ile zana inayozungumza na simu yako: inasakinisha programu, inakusomea makosa yanayotokea ndani ya simu, inakuvutia mafaili. Ipo pia fastboot, ya wale wanaobadilisha mfumo wa simu. Platform-tools mpya huelewana na simu za zamani, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kutunza matoleo mawili. Weka jipya, basi. Ila angalieni jambo moja. Baadhi ya programu za kuhudumia simu huja na adb yao ya pembeni, ikakaa kwenye kompyuta bila wewe kujua. Siku moja unachomeka simu, unaona ujumbe kwamba seva ya adb ni toleo la 41 na wewe unatumia la 39, kisha inajiua na kuwaka tena bila kukoma. Ni adb mbili zinagombania mlango mmoja, namba 5037. Itafute ile ya zamani uiondoe, au upange njia ya mfumo (PATH) ili ya SDK ianze kuonekana.

Inafuata platforms. Ndani yake kuna folda kama android-34 au android-35, na ndani ya kila moja kuna faili liitwalo android.jar. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo uvumi mwingi ulipozaliwa.

Hilo android.jar lina majina ya amri zote ambazo Android ya toleo hilo inazijua, lakini amri zenyewe hazina kitu ndani. Ukijaribu kuziendesha kwenye kompyuta zitakurushia neno "Stub!". Faili hili ni kamusi ya kompaila, ile zana inayotafsiri msimbo wako. Kompaila inasoma msimbo wako, inafungua kamusi na kuuliza: hili neno lipo? Lipo, linaendelea. Utekelezaji halisi uko ndani ya simu ya mteja. Ndiyo maana ukiandika kwenye mradi wako compileSdk 35, umechagua kamusi tu. Hujamfungia mlango mteja mwenye simu ya zamani. Anayefunga mlango ni minSdk. Nikiweka minSdk 21, simu ya Android 5.0 inaingia, hata kama kamusi yangu ni ya Android 15.

Nasisitiza hili kwa sababu nimekutana na vijana hodari kabisa walioganda kwenye kamusi ya mwaka 2017 wakiogopa kuwapoteza wateja wa simu ndogo. Hawakuwapoteza kwa kusasisha, wala hawakuwapata kwa kuganda. Kilichobaki ni uangalifu mmoja: neno jipya ulilolikuta kwenye kamusi mpya, ukilisema mbele ya simu ya zamani isiyolijua, programu inaanguka. Kwa hiyo kabla ya kulisema uulize kwanza kwa Build.VERSION.SDK_INT simu hii ni ya kiwango gani.

Wa tatu katika ndugu hawa ni targetSdk, na huyu ni mzito. Ukiweka targetSdk 33 umeiambia simu: nimesoma masharti ya Android 13, nihukumu kwa masharti hayo. Na simu itakuhukumu. Nilikuwa na programu ya hesabu niliyoitengenezea kikundi cha akina mama wanaouza dagaa mwaloni Kirumba. Kila jioni ilikuwa inawakumbusha waliokopesha nani adai nini. Nikapandisha targetSdk hadi 33 bila kusoma, na kwa wenye simu mpya arifa zikanyamaza. Android 13 inataka programu iombe ruhusa ya kutuma arifa, na yangu ilikuwa haiombi. Mama mmoja alinipigia simu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile simu haisemi tena." Siku hiyo nilijifunza kusoma ukurasa wa mabadiliko kabla ya kubadilisha namba.

Kukaa chini milele pia haiwezekani. Google Play imeweka tarehe ya kila mwaka, mwisho wa Agosti. Kufikia tarehe 31 Agosti 2024 programu mpya na masasisho yalipaswa kulenga API ya 34, yaani kiwango cha Android 14, na kufikia tarehe 31 Agosti 2025 API ya 35. Anayejua hilo hupanga kazi ya kusasisha mwezi wa nne au wa tano, na Agosti yake inapita kama mwezi mwingine wowote.

Turudi sandukuni. Kuna build-tools, zana za kufungia kazi. Humo mna aapt2 inayopanga picha na maandishi ya programu, d8 inayogeuza msimbo uwe katika umbo ambalo simu inaliendesha, zipalign inayonyoosha mpangilio wa faili la mwisho, na apksigner inayotia sahihi. Hizi, tofauti na platform-tools, hukaa matoleo mengi kwa pamoja bila kugombana, kila moja kwenye folda yake.

Na hizi ndizo zilizonifundisha kwa gharama. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2021, jioni ya Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nilikuwa na onyesho la ile ile programu ya dagaa mbele ya viongozi wa kikundi. Android Studio, ile programu tunayoandikia msimbo, ikanionyesha kwamba kuna masasisho. Nikakubali yote kwa mkupuo, na kwa kutaka kila kitu kiwe kipya nikaenda mwenyewe kwenye mradi, nikaandika buildToolsVersion 31.0.0. Nikajenga programu. Ikakataa, na ujumbe ukasema build-tools toleo la 31.0.0 limeharibika, liondoe kisha ulisakinishe upya.

Nikatii. Nikaondoa, nikashusha tena, makumi ya MB. Ujumbe ule ule. Nikaondoa tena. Mara ya tatu bando likakata katikati, nikatoka usiku kutafuta vocha kibandani. Nilikuwa naamini kwamba intaneti yangu mbovu ndiyo inayoharibu faili njiani.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Kwa miaka mingi kazi ya kugeuza msimbo ilikuwa inafanywa na zana iitwayo dx. Baadaye d8 ikachukua nafasi yake, zikakaa pamoja kwa muda, na kwenye build-tools 31 dx ikaondolewa. Plagini ya Gradle, ile zana inayojenga programu, kwenye mradi wangu ilikuwa ya zamani, ya namba 4, na kabla ya kuikubali folda ya build-tools ilikuwa inakagua kama dx ipo. Haikuiona, ikaandika kwamba folda imeharibika. Ningeshusha mara mia, jibu lingekuwa lile lile. Saa tisa usiku nikabadilisha namba moja, nikaandika 30.0.3, programu ikajengeka. Dawa ya kudumu ilikuwa kupandisha plagini hadi namba 7, nayo nilifanya wiki iliyofuata nikiwa na akili iliyotulia.

Kosa lilikuwa langu, na nalitaja kwa sababu lina mizizi miwili ambayo nanyi mnayo. Nilisasisha usiku wa kuamkia onyesho. Na niliusoma ujumbe wa hitilafu kama hukumu, ilhali ujumbe wa hitilafu ni ushahidi tu: unaeleza kile zana ilichokiona kutoka pale ilipokuwa imesimama. Kwa nini imekiona hivyo, hiyo ni kazi yako kutafuta. Tena, tangu plagini ya Gradle ilipofika namba 3.0.0 yenyewe huchagua build-tools inayoelewana nayo. Mstari wa buildToolsVersion haulazimiki kuwepo. Nendeni mkaufute, isipokuwa mna sababu mnayoweza kuieleza kwa mdomo.

Sasa vile vizito. Emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, na picha za mfumo zinazokaa kwenye folda ya system-images. Picha moja ya mfumo ni zaidi ya GB 1 kuishusha, na ikifunguka kwenye diski inazidi hapo. Ukiwa na picha za Android tatu, umeshapata jibu la zile GB 23. Emuleta ni zana nzuri, sitaisema vibaya, lakini kwenye laptopu ya RAM GB 4 itakufanya uichukie kazi hii. Tumieni simu. Nenda kwenye mipangilio, Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7, kisha rudi kwenye chaguo za wasanidi programu na uwashe utatuzi wa USB. Kama simu ni ya Android 11 kwenda juu hata waya si lazima. Laptopu na simu zikiwa kwenye waifai moja unaziunganisha kwa adb pair, na mawasiliano hayo hayali bando, kwa kuwa yanaishia humo humo chumbani.

Kisha simu ya kweli ina faida ambayo emuleta haikupi: inakuonyesha programu yako juani, mkononi mwa mtu mwenye vidole vilivyolowa, kwenye kioo kilichopasuka. Wateja wangu wa Kirumba wanaitumia hivyo.

Kuna NDK na CMake, za wanaoandika kwa C na C++. Mamia ya MB kuishusha. Kama huandiki C++, huihitaji. Anayeihitaji na ajue kwamba kuanzia toleo la r28 inajenga maktaba zinazoendana na simu mpya zenye kurasa za kumbukumbu za KB 16, na hiyo ni sababu halali ya kuisasisha. Sources ni msimbo wa Android wa kusoma. Ni nyepesi, ichukueni, kuna elimu humo.

Tukifika hapo mnaweza kuniuliza: dada, cha kutosha kabisa ni nini? Kwa anayeanza, anayetumia simu yake mwenyewe: platform-tools, platforms moja, build-tools moja. Vitu vitatu. Amri yake ni hii:

sdkmanager "platform-tools" "platforms;android-35" "build-tools;35.0.0"

Msisahau alama za nukuu. Kwenye Linux na Mac, nukta mkato humaanisha amri imekwisha. Bila nukuu, terminali, pale unapoandikia amri, itaikata amri yako katikati, halafu itajaribu kuendesha kitu kiitwacho android-35 na kulalamika kwamba haikijui.

Sdkmanager yenyewe iko ndani ya pakeji iitwayo cmdline-tools, na hapa nawaonya mapema maana nimeshawaokoa watu wengi kwa simu. Ukishusha zipu yake na kuifungua, inatoka folda iitwayo cmdline-tools yenye bin na lib. Ukiiweka hivyo hivyo ndani ya SDK, itakuambia haijui mzizi wa SDK uko wapi. Inataka kukaa hatua moja ndani zaidi: cmdline-tools, kisha folda uliyoiita latest, kisha ndani yake bin na lib. Ukipanga hivyo inatulia. Halafu weka kigezo cha mfumo kiitwacho ANDROID_HOME kielekee kwenye SDK. Mtakuta maandishi ya zamani yanataja ANDROID_SDK_ROOT. Jina hilo limeshaachwa. Vilevile ukifuata maelekezo ya zamani ukashusha ile pakeji iliyoitwa tools, ukaiendesha kwa Java 11, utaona kosa refu lenye javax/xml/bind. Usihangaike kulitibu. Maktaba hiyo iliondolewa kwenye Java 11, na pakeji ya tools ilishastaafu. Achana nayo, chukua cmdline-tools.

Wenye Windows, kama jina lako la mtumiaji lina nafasi katikati, mfano la kwanza na la ukoo, peleka SDK kwingine, kwa mfano C:\Android\Sdk. Nafasi kwenye njia ya folda huzisumbua baadhi ya zana, hasa NDK. Na walimu wangu, kwa heshima zote, hili linahusu maabara pia. Mashine moja inayotumiwa na wanafunzi sita isiwe na SDK sita ndani ya AppData sita. Iwekwe moja mahali pa wote, ANDROID_HOME ielekezwe hapo, na msimamizi mmoja awe na ruhusa ya kuandika humo. Mwanafunzi akikosa kipande ataona ujumbe kwamba folda ya SDK haiandikiki, atakuja kuomba. Usumbufu huo ni mdogo kuliko diski kujaa kabla ya muhula kwisha.

Niseme kuhusu kusasisha, maana nimeligusa kwa kisa na sijalieleza. Amri ya sdkmanager --update inasasisha kila kilichosakinishwa. Kila kilichosakinishwa, ndugu zangu, pamoja na zile picha za mfumo za GB moja moja ulizozisahau. Kwa hiyo kabla ya kuiendesha anza na sdkmanager --list_installed, usome mstari kwa mstari. Usichokitumia kiondoe kwa --uninstall ukifuatisha jina lake. Ndipo usasishe. Wanaopenda madirisha kuliko terminali, kwenye SDK Manager ya Android Studio kuna kisanduku cha tiki kilichoandikwa Show Package Details. Kitieni tiki. Bila hicho unaona majina ya jumla tu, na huwezi kujua kwamba una build-tools tisa.

Kuna upakuaji mwingine ambao hamuuoni. Ukishakubali leseni kwa sdkmanager --licenses, majibu yako yanahifadhiwa kwenye folda ya licenses ndani ya SDK. Kuanzia hapo, ukifungua mradi wa mtu uliouchukua GitHub, tovuti ya kugawana msimbo, na mradi huo unataka platforms usiyo nayo au NDK fulani, plagini ya Gradle itaishusha yenyewe bila kukuuliza. Kwa mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo ni msaada mkubwa. Kwa mwenye bando la GB 1 la siku ni balaa. Kwenye faili la gradle.properties andika:

android.builder.sdkDownload=false

Baada ya hapo itakuambia inachokikosa na kusimama. Utaamua wewe: ukishushe usiku bando likiwa rahisi, au ubadilishe namba ya mradi itumie ulichonacho.

Najua mnachokiwaza. Kwa nini tushushe kila mtu kivyake, wakati kaka fulani ana SDK nzima kwenye flashi? Nitajibu kwa kisa cha kweli cha wenzetu wa mbali, na nawaomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 2015, wasanidi wengi nchini China walikuwa wanachoka kusubiri Xcode, sanduku la zana la Apple, lishuke kutoka kwa Apple. Lilikuwa kubwa na njia ilikuwa ya polepole. Wakawa wanalichukua kwenye seva za kugawana mafaili za humo humo nchini, ambako lilishuka haraka. Mtu alikuwa ameweka pale Xcode aliyoichezea. Kila programu iliyojengwa kwa Xcode ile ilitoka na msimbo wa ziada ndani yake, na aliyeiandika hakuwa na habari. Zikapita, zikaingia dukani kwa Apple, zikafika kwenye simu za watu. Mwezi Septemba mwaka huo ndipo ikajulikana, ikapewa jina XcodeGhost, na miongoni mwa zilizokutwa nayo ilikuwamo WeChat, toleo la 6.2.5 la iPhone. Kampuni kubwa, wataalamu wengi. Mlango ulioingiliwa ulikuwa uchovu wa kusubiri intaneti, uchovu ambao kila mmoja humu ndani anaujua.

Kwa hiyo sanduku la zana linatoka kwa mwenyewe, hata likichelewa. Faili la Android Studio unalolishusha lina namba yake ya SHA-256, kama alama ya kidole ya faili, iliyochapishwa kwenye ukurasa rasmi. Kwenye Linux ipime kwa sha256sum, kwenye Windows kwa certutil -hashfile ukimalizia na neno SHA256 baada ya jina la faili, ulinganishe herufi kwa herufi. Na leseni ya SDK mliyoikubali bila kuisoma inaruhusu kunakili kwa ajili ya akiba tu, hairuhusu kuigawa. Akiba hiyo itumieni. Laptopu zetu hupigwa Windows upya mara nyingi mno. Kabla hujampa fundi, nakili folda ya SDK yako kwenye diski ya nje. Ukirudi unaibandika, unaelekeza ANDROID_HOME, unaendelea na kazi jioni ile ile bila kutumia hata MB moja.

Jambo la mwisho nililijifunza kwa wale wale mama zangu wa dagaa. Pale mwaloni kila mwenye mzigo ana daftari, na ukiwauliza sababu watakujibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nawatengenezea daftari la simu, na mradi wangu wenyewe hauna daftari. Siku laptopu ilipokufa nilishindwa kukumbuka programu ile ilijengwa kwa Java gani, plagini gani, kamusi gani. Siku hizi kila mradi wangu una faili la README lenye mistari mitano: toleo la Java, toleo la plagini ya Gradle, compileSdk, NDK kama ipo, na tarehe ya mara ya mwisho niliposasisha. Plagini namba 8 inataka Java 17, kwa mfano. Asiyeandika hilo leo atalitafuta kwa saa nzima mwakani. Faili la local.properties, lile lenye sdk.dir, msilitie kwenye Git, ile zana inayotunza historia ya msimbo, maana njia ya folda ya kwangu haipo kwako. Lakini mafaili ya Gradle wrapper yatieni yote, ili anayechukua mradi apate Gradle ile ile uliyoitumia wewe.

Na mnaposasisha, sasisheni kitu kimoja. Jenga programu, iendeshe kwenye simu, hifadhi kwenye Git, ndipo uende kwenye kitu cha pili. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na kikaharibika kimoja, una washukiwa wanne na hakuna shahidi.

Sasa naomba kila mwenye laptopu aifungue. Wasio nayo wakae na mwenye nayo, wawili wawili. Nendeni kwenye terminali, mwandike sdkmanager --list_installed. Hiyo inasoma ulichonacho, na kwenye karatasi mtagawa mistari yake katika safu mbili: ninachokitumia, na nisichokijua. Dada wa GB 23, njoo mbele na mashine yako, tuanze na ya kwako.